Jina Moja, Biashara Mbili: Jinsi ya Kupima Kama Alama Inayofanana na Yako Katika Sekta Nyingine Imevunja Haki Yako

Msagaji wa unga aliyesajili jina la bidhaa yake, siku akiliona jina hilo hilo, au lenye tofauti ya herufi moja, juu ya duka la vipodozi, huwa na mawazo mawili yanayopingana. La kwanza humwambia kwamba jina ni lake na yeyote anayelitumia ni mwizi. La pili humwambia kwamba alisajili unga tu, kwa hiyo vipodozi havimhusu. Mawazo yote mawili ni ya haraka mno. Swali analopaswa kulifuata ni hili: mnunuzi wa kawaida, akiiona alama ile ya pili, ataamini nini kuhusu mtu aliye nyuma yake? Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu swali hilo kabla hujamlipa wakili, na kabla hujaandika barua ya madai ambayo huwezi kuitetea. Nimeulenga zaidi kwa mfanyabiashara wa Tanzania Bara, na kesi ninazozitaja ni za nchi nyingine kwa sababu ndizo zilizolifafanua jambo hili kwa kina.

Soma cheti chako kwanza

Lazima ujue una nini mkononi. Wapo wanaolalamika kuibiwa alama huku wakishika cheti cha jina la biashara, wakiamini kwamba kinawapa haki ya kumzuia kila mtu. Cheti hicho kinathibitisha tu kwamba mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi haki ya pekee juu ya alama inayobandikwa kwenye bidhaa. Haki hiyo hutokana na usajili chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na ingawa hati zote mbili hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ni haki mbili tofauti kabisa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu linawaumiza wafanyabiashara wadogo kuliko jingine lolote katika mwongozo huu: mtu hujenga jina kwa miaka mingi, hulipa ada zake zote kwa uaminifu, kisha hugundua siku ya ugomvi kwamba hakuwahi kuisajili alama yenyewe.

Kama cheti chako ni cha alama, soma jina la mmiliki, mchoro au maneno yaliyosajiliwa, orodha ya bidhaa au huduma, na tarehe. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10; Kenya hudumu miaka 10 tangu mwanzo. Angalia pia kama umeitumia alama kwa bidhaa zote zilizoorodheshwa, kwa maana alama iliyolala bila kutumika kwa miaka 3 mfululizo Tanzania Bara, au miaka 5 Kenya, inaweza kuombewa kufutwa, na mtu wa kwanza kuliombea hilo atakuwa ni huyo unayetaka kumshtaki. Usisahau mipaka ya nchi. Usajili wa BRELA hauvuki maji kwenda Zanzibar, ambako mamlaka ni BPRA, wala hauvuki Namanga kwenda Kenya, ambako mamlaka ni KIPI.

Asiye na usajili hajapoteza kila kitu. Mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, zikiwemo zetu, humzuia mtu kuuza mali yake kwa namna inayomfanya mnunuzi aamini kwamba ni ya mwingine. Lakini mdai atapaswa kuthibitisha mwenyewe kwamba jina lake lina sifa sokoni, kwamba mwenzake amewapotosha wanunuzi, na kwamba amepata hasara au yu karibu kuipata. Mwenye cheti halali huanza safari hiyo akiwa mbele sana.

Daraja la usajili si jibu

Alama hupangwa kwa madaraja ya mkataba wa kimataifa wa Nice wa mwaka 1957, ambayo sasa ni 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Madaraja hayo yaliwekwa ili kurahisisha kazi ya msajili, yaani kupanga majalada, kukokotoa ada na kutafuta alama za awali. Hayakuwekwa kama kipimo cha udugu wa bidhaa. Majani ya chai yamo daraja la 30 na maziwa yamo daraja la 29, ingawa mnunuzi huyakutanisha kila asubuhi katika kikombe kimoja; kwa upande mwingine, mizani ya dukani na programu za kompyuta zimo pamoja daraja la 9, ingawa wauzaji wake hawajuani. Kwa hiyo usifurahi kwa sababu mwenzako yumo katika daraja lako, wala usikate tamaa kwa sababu yumo katika jingine. Sheria ya Tanzania Bara yenyewe hulinda alama kwa bidhaa na huduma zilizosajiliwa na pia kwa zile zenye uhusiano wa karibu nazo, na ubishi wote huwa juu ya maana ya ukaribu huo.

Linganisha alama kama mnunuzi anavyozikumbuka

Mnunuzi hasimami dukani akiwa ameshika bidhaa mbili, moja kila mkono. Aliiona ya kwanza wiki iliyopita, anaiona ya pili leo, na kichwani amebaki na kumbukumbu isiyo kamili. Kwa hiyo tazama sura ya alama kwa jumla, itamke kwa sauti, kisha uliza maana yake. Katika lugha yetu matamshi yana uzito wa pekee, kwa kuwa jina lenye r na lile lenye l hufika sikioni kama jina moja kwa watu wengi, na kwa kuwa bidhaa nyingi huombwa kwa mdomo kupitia dirisha la duka. Tafsiri nayo isipuuzwe: mnyama yule yule akitajwa kwa Kiswahili kwenye bidhaa moja na kwa Kiingereza kwenye nyingine, picha inayobaki kichwani ni moja.

Baada ya hapo pima nguvu ya alama yako, na hapa nakuomba uwe mkweli kwa nafsi yako. Neno la kawaida linalopendwa na kila mtu lina ulinzi mwembamba nje ya uwanja wake. Simba ni jina la klabu ya mpira ya Kariakoo na pia la saruji inayotengenezwa Tanga; Kilimanjaro ni jina la bia na pia la maji ya kunywa. Hakuna shabiki anayedhani kwamba klabu yake inachoma saruji, kwa sababu majina ya wanyama wakubwa na ya milima yamezoeleka hata hayamwelekezi mtu kwa mmiliki mmoja. Neno lililobuniwa ni tofauti. George Eastman alibuni neno Kodak, lisilo na maana katika lugha yoyote, na mwaka 1898 mahakama ya Uingereza ilizuia kampuni iliyotaka kuuza baiskeli kwa jina hilo. Pamoja na upekee wa neno, kulikuwa na ushahidi kwamba zilikuwapo kamera za Kodak zilizotengenezwa mahususi kwa waendesha baiskeli. Njia ilikuwa imekwisha kujengwa kati ya biashara hizo mbili, na wanunuzi walikuwa wakiipita.

Tafuta kinachoziunganisha biashara hizo mbili

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa. Kesi inayoieleza vizuri zaidi ni ya Canon, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya tarehe 29 Septemba 1998. Canon, watengenezaji wa kamera, walipinga nchini Ujerumani ombi la kusajili alama CANNON kwa ajili ya filamu zilizorekodiwa kwenye kaseti za video na kwa utengenezaji na usambazaji wa filamu. Mmoja anauza chombo cha kunasa picha, mwingine anauza picha yenyewe. Je, hizo ni bidhaa zinazofanana? Mahakama ilisema kwamba ni lazima kutazama asili ya bidhaa, watumiaji wake, namna zinavyotumika, na kama zinashindana au zinakamilishana. Iliongeza mambo mawili ambayo kila mwenye alama anapaswa kuyashika. Kwanza, vipimo hivyo hufidiana, hivi kwamba alama zikifanana sana, au ile ya awali ikiwa na sifa kubwa, bidhaa zinaweza kutofautiana kiasi na mkanganyiko bado ukawepo. Pili, si lazima mnunuzi aamini kwamba bidhaa zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Inatosha akiamini kwamba kampuni zinazozitengeneza zina uhusiano wa kibiashara. Asipoamini hata hilo, hakuna mkanganyiko.

Chukua maneno hayo uyapeleke kwenye soko lako. Je, bidhaa hizo huuzwa katika maduka ya aina moja na kuwekwa rafu moja? Je, mnunuzi ni yule yule, na hununua kwa haraka kwa bei ndogo, au hukaa wiki nzima akichunguza kabla ya kulipa? Mtu anayenunua sabuni hasomi lebo kama anayenunua trekta. Je, ni kawaida kwa wenye biashara yako kupanuka kuelekea biashara ya yule mwingine, kama mwenye mgahawa anavyoanza kuuza mchuzi wa chupa, au mwenye kampuni ya simu anavyoingia katika huduma za fedha? Swali hili la mwisho huwa na uzito mkubwa katika nchi zetu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wateja wamekwisha kuzoea kuona jina moja la mfanyabiashara likisimama juu ya unga, mafuta ya kupikia, sabuni na maji, hivyo huamini kwa urahisi kwamba bidhaa mpya ni tawi la ya zamani.

Usiishie kwenye hoja. Kusanya ushahidi, na uanze leo. Andika katika daftari kila simu iliyokusudiwa kwa mwenzako ikaingia kwako, pamoja na tarehe na maneno ya aliyepiga. Hifadhi jumbe za wateja wanaouliza kama umefungua tawi, malalamiko juu ya bidhaa usizotengeneza, mizigo iliyopelekwa mlango usio wake, na malipo yaliyotumwa kwenye lipa namba isiyo sahihi. Nunua bidhaa ya mwenzako na uitunze pamoja na risiti yake. Weka pia ushahidi wa sifa yako mwenyewe: risiti za EFD za miaka ya nyuma, matangazo, picha za maonesho ya Sabasaba, vibali vya TBS vyenye jina la bidhaa. Mahakama inaweza kukubali uwezekano wa mkanganyiko hata pale ambapo haujatokea, lakini ushahidi wa watu waliochanganyikiwa kweli huishughulisha kuliko hoja kumi za wakili.

Pale ambapo bidhaa hazina uhusiano wowote

Kuna ulinzi wa pili, usiotegemea mkanganyiko, kwa alama zinazojulikana sana. Mkataba wa haki miliki, TRIPS, wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama tangu 1995, unazitaka nchi kulinda alama maarufu iliyosajiliwa hata dhidi ya matumizi kwa bidhaa zisizofanana, iwapo matumizi hayo yanaashiria uhusiano na mmiliki na yanaweza kumdhuru. Kinachoogopwa ni alama kufifishwa kidogo kidogo hadi isimkumbushe mtu kitu kimoja tena, au sifa yake kuchafuliwa.

Wengi hukimbilia ulinzi huu bila kustahili. Mwaka 1989 wenye LEXIS, huduma ya kutafuta sheria na hukumu kwa kompyuta, walishindwa katika mahakama ya rufaa ya Marekani walipotaka kuizuia Toyota kuyaita magari yake LEXUS. Alama yao ilifahamika vizuri kwa mawakili, lakini katika umma kwa jumla ilijulikana kwa takriban mtu 1 kati ya 100, na alama isiyojulikana kwa mnunuzi wa gari haiwezi kufifia akilini mwake. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya Intel, watengenezaji wa vichakataji vya kompyuta, dhidi ya alama INTELMARK ya huduma za masoko, ilidai zaidi: kwamba mwenye alama aoneshe kuwa wateja wamebadili, au kuna hatari kubwa watabadili, mwenendo wao wa kununua. Kama jina lako linajulikana mkoa mmoja tu, achana na hoja ya umaarufu, weka nguvu zako zote kwenye uhusiano wa bidhaa.

Usichelewe, na uchague mlango sahihi

Polaroid, kampuni ya vifaa vya macho na kamera, walifahamu mwishoni mwa 1945 kwamba kulikuwa na kampuni ya elektroniki iitwayo Polarad, lakini hawakushtaki hadi 1956. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya Marekani iliandika katika kesi yao vipimo vinane vya kutathmini alama zinazofanana kwa bidhaa tofauti, vipimo ambavyo hutajwa hadi leo, na hata hivyo Polaroid waliondoka mikono mitupu kwa sababu ya kuchelewa. Kukaa kimya humfundisha mwenzako kwamba umeridhia, naye huendelea kuwekeza.

Mlango hutegemea hatua aliyofikia. Kama ameomba usajili na ombi limetangazwa, Tanzania Bara na Kenya zinatoa siku 60 za kuweka pingamizi, na hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote. Mtu makini hufuatilia matangazo ya msajili katika daraja lake na katika yale yenye uhusiano na bidhaa zake. Kama amekwisha kusajiliwa, utaomba usajili wake ufutwe. Kama anatumia tu, mwandikie barua inayotaja namba ya usajili wako, bidhaa zake, sababu za mkanganyiko na jambo unalomtaka afanye, kwa muda unaowezekana kutekelezwa. Iandike bila matusi na bila kumtisha kwa jela, kwa kuwa barua hiyo itasomwa na jaji. Ikishindikana, kesi ya uvunjaji hufunguliwa Mahakama Kuu, ambako unaweza kuomba zuio, fidia au hesabu ya faida aliyoipata. Kabla ya kwenda huko mpe wakili jalada lako lote, pamoja na mambo yasiyokupendeza, maana atakayejibu madai yako ataanza kwa kushambulia uhalali wa alama yako.

Mkiamua kugawana uwanja

Mara nyingi suluhu bora kwa biashara mbili zilizo mbali ni mkataba unaoonesha kila mmoja ataitumia alama wapi. Hapa ndipo pa kujifunza kutoka kwa mgogoro wa Apple, kwani hakuna unaoonesha waziwazi zaidi hatari ya mkataba ulioandikwa kwa kutazama soko la siku ile tu. Apple Corps ilianzishwa na bendi ya Beatles mjini London mwaka 1968 kwa ajili ya muziki. Apple Computer ilianzishwa California mwaka 1976. Kesi ya kwanza ilifunguliwa 1978 na kumalizwa 1981 kwa malipo ya dola 80,000 na ahadi rahisi kueleweka: wa kompyuta asiingie katika muziki, wa muziki asiingie katika kompyuta. Mwaka ule ahadi hiyo ilionekana kuwa na mpaka ulio wazi. Miaka michache baadaye kompyuta zilianza kutoa na kurekodi sauti, ugomvi ukarudi mahakamani 1989, na mapatano ya 1991 yakagharimu takriban dola milioni 26.5. Mkataba mpya uliiruhusu Apple Computer kutumia alama kwa vifaa na huduma za kupiga na kufikisha muziki, lakini si kwa kuuza muziki uliorekodiwa kwenye vitu vya kushikika kama kaseti na diski. Aprili 2003 likafunguliwa duka la iTunes, ambako wimbo huuzwa bila kitu chochote cha kushikika, na mwaka huo huo kesi ikafunguliwa tena London. Hukumu ya Mei 2006 iliipa ushindi Apple Computer, kwa sababu alama ilihusishwa na duka na huduma ya kupeleka data, si na nyimbo zenyewe. Mwaka 2007 pande hizo zilikubaliana kwamba kampuni ya California imiliki alama zote na kumpa mwenzake leseni ya baadhi yake.

Kwa hiyo, usiandike katika mkataba wako maneno kama “sekta ya chakula” au “biashara ya muziki” ukadhani umechora mpaka. Taja bidhaa na huduma moja moja, taja zile ambazo kila upande unaruhusiwa kuzifikia baadaye, na useme wazi nani ana haki juu ya kitu ambacho hakijabuniwa bado. Eleza tofauti za rangi, maandishi na nembo ambazo kila mmoja atazishika, maeneo na nchi zinazohusika, na matumizi ya jina kwenye tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii, ambako maduka yote mawili huonekana kwenye kioo kimoja cha simu. Weka kifungu cha kujulishana kwa maandishi kabla ya bidhaa mpya kuingia sokoni, na kingine kinachomfunga yeyote atakayenunua biashara ya mmoja wenu au kuirithi.

Pande zote mbili zisaini mbele ya wakili, na kila mmoja abaki na nakala yake halisi pamoja na sampuli za lebo zilizokubaliwa.